Gauni la Njano Nyuma ya Kiongozi

Fundi wa picha wa pale Miembeni haanzi na mkubwa. Ukimpelekea picha ya zamani ya kiongozi wetu alipokuja Muleba, nyeusi na nyeupe, aitie rangi kwa kompyuta, ataanza na migomba, kisha miguu peku ya watu. Shati la kiongozi hulala kijivu mpaka mwisho. "Alizoea kusubiriwa, leo asubiri yeye," husema, akilamba kidole kabla ya kugusa kipanya, utadhani anafunua Biblia. Tena hapaki nguo rangi bila shahidi. Siku nilipompelekea yangu, pamoja na jirani na wajukuu, mimi, yule binti aliyesimama nyuma ya kiongozi pichani, nikamwambia gauni langu lilikuwa la njano, jipya, hata nyuki walinifuata kutoka Ijumbi. Jirani yangu Evodia akadakia: "Mwongo huyu! Lilikuwa jeupe la komunio, limechakaa!" Wajukuu wakanikodolea macho; miaka yote nimewaapia njano. Fundi akatusikiliza, shingo upande, asicheke. Akabofya polepole, akaniambia kwa heshima ya Kihaya: "Waitu bibi, nimeweka njano ya ndizi mbivu, ila iliyofuliwa sana." Evodia akaguna, akaridhika. Nikasogelea kioo cha kompyuta. Shati la kiongozi lilikuwa bado kijivu, lakini macho yake, nakuapia, yalishaligeukia gauni langu.