Aliyeitwa na Kaseti ya Baba

Mnaweza kucheka. Mdogo wangu Amani alicheka kwanza, siku hizi hacheki tena. Nasimulia kilichotokea nyumbani kwetu Ujiji, mchana kweupe, maharage yakiwa jikoni na mimi na akili zangu timamu.

Baba yetu, Zakaria, alikuwa mpiga gitaa kutoka ng'ambo ya ziwa. Tulipokimbilia Kigoma alirekodi kaseti moja tu, nyimbo nane, katika chumba cha fundi cherehani pale Mwanga, magodoro yameegemezwa ukutani ili kelele za soko zisiingie. Akaiuza mwenyewe, mkono kwa mkono. Kisha mama akafariki, naye baba akavuka kurudi kumchukua bibi. Hakuonekana tena. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita nikabaki na wadogo zangu watatu.

Miaka ile redio ilikuwa ikisoma majina ya waliopotea: fulani anatafutwa na fulani, yuko mahali fulani. Jina lilipita mara moja tu, kwa hiyo watu tulirekodi usomaji ule ili turudie polepole. Kaseti nyingine sikuwa nayo. Niliziba vishimo vya kaseti ya baba kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa upya, nikabonyeza, nikasubiri jina lake. Halikusomwa. Na majina yale yakaufuta wimbo wa nane, ule ambao baba alitutaja ndani yake sisi watoto wanne, mmoja mmoja.

Mwaka juzi Amani alikuja na kompyuta. Alitaka nyimbo za baba ziingie mtandaoni, watu wazisikilize kwenye simu. Kaseti iliyobaki ilikuwa hiyo moja, na kaseti haina njia ya mkato. Dakika zake unazikaa zote. Tulipofika wimbo wa nane, msomaji akaanza: "Anatafutwa Elia, mtoto wa Mama Nyota. Mama yake yuko Kigoma, anamsubiri."

Amani akashika kichwa. "Dada! Yaani ulimfuta baba ukimtafuta baba?"

"Acha maneno, rudisha nyuma. Labda gitaa linasikika kwa chini."

Akarudisha mara tatu. Elia, Elia, Elia. Gitaa, hakuna. Amani akasonya, akatoka kwenda kununua vocha.

Hazikupita dakika mbili, nikasikia hodi. Alikuwa kijana mwembamba, suruali imelowa mpaka magotini, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi. Nikampa kiti na kikombe cha maji. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa. Lakini hakunywa.

"Mama, nimesikia munaniita," akasema, Kiswahili cha ng'ambo kabisa. "Mara tatu. Mama yangu iko wapi?"

Wewe ungemjibu nini? Mimi nilisema kweli: sijui.

Akaitazama ile kaseti. "Tangu siku ya boti natembea tu. Boti ilijaa sana. Watoto walilia, Papa mmoja wa gitaa akawaimbia. Alitaja watoto wake wane, akarudilia, mpaka maji yakaingia."

Niaminini, hofu yote ilinitoka. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nikiwatazama abiria wanaoshuka bandarini.

"Huyo ni baba yangu," nikasema. "Mbona yeye hajaja?"

Akainamisha uso kama mtu anayeona haya. "Yeye hawakumuita, Mama."

Na ni kweli. Sikuwahi kupeleka jina lake. Nilikuwa mtoto, nilidhani redio yenyewe inawajua wote waliopotea. Kumbe yalisomwa majina ya wale walioandikishwa na ndugu zao, na sisi baba yetu hakuna aliyemwandikisha.

Nilijifuta macho kwa kanga. Nilipoishusha, kiti kilikuwa kitupu. Amani akaingia. "Nani kamwaga maji hapa?" Kichochoro chetu ni kimoja, na hakuwa amepishana na mtu.

Nilimtafuta Mama Nyota miezi mitatu. Nilimpata kijijini Simbo, kaburini. Majirani waliniambia alilima hapo mpaka mwisho wake, na kila mgeni aliyepita alimuuliza habari za mwanawe. Nikarudi mbio, nikaicheza kaseti nimwambie Elia. Hakuja. Amani alikuwa ameshaziweka nyimbo mtandaoni, majina na yote, na watu wameshazishusha kwenye simu zao. Sasa Elia anaitwa Dar, anaitwa Nairobi, anaitwa mahali nisipopajua. Atasikia wapi kwanza?

Basi nikamwomba Amani aongeze sauti yangu mwishoni. Nilisoma kama alivyosoma yule wa redio: "Anatafutwa Zakaria, mpiga gitaa. Anatafutwa na watoto wake." Tangu hapo mlango wangu siufungi kwa komeo, na wadogo zangu wameacha kunigombeza.

Nawe unayezisikiliza, nakuonya. Usiucheze wimbo wa nane kwa mzaha, wala usiurudie ili uone kama nasema uongo. Aliyeitwa huja. Akija kijana, usimkimbie wala usimfungie nje. Mwambie mama yake alimsubiri, na sasa amelala Simbo. Na akija mtu mzima mwenye gitaa, usimcheleweshe kwa maswali. Mwelekeze Ujiji. Watoto wake wote wanne tupo.