Velda Ampa Mtoto Jina

Velda alirudi kwao, mji mdogo wa Lodge Grass, kutoka vita vya Iraki akiwa mzima wa viungo vyote. Watu wa ukoo wakamwimbia, wakamvisha blanketi la heshima, naye akasimama katikati yao akingoja furaha imfike. Haikufika. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza. Alilala, akaamka, akalisha farasi wa mama yake, na yote hayo yalikuwa kama yanafanywa na mtu mwingine.

Kisha kaka yake Thurman akapata binti. Kwao Wakrow, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, jina hutolewa na mtu wa ukoo wa baba, tena hulichota katika jambo alilolitenda mwenyewe. Aliyetoka vitani ndiye huombwa kwanza. Thurman akaja na sigara, kama itakiwavyo, akaziweka mezani.

"Dada, mpe jina mtoto."

"Tafuta mwingine. Mimi nilikuwa dereva wa lori la maji tu."

"Si ulikwenda, ukarudi?"

"Nilirudi."

"Basi."

Hakuwa na nguvu ya kukataa mara ya pili. Akazichukua zile sigara.

Siku ya sherehe nyama ilitokota kwenye sufuria kubwa uani. Delbert, mtani wake, hakungoja hata aketi.

"Wenzake walikwenda kupigana, huyu alikwenda kuchota maji. Na hapa kwao ndoo haigusi."

"Nawe ulikuwa wapi? Mkeo anasema panya akipita unapanda juu ya kiti."

Watu wakaangua kicheko. Velda alijibu kwa mazoea tu, maana mtani hanyamaziwi.

Moshi wa mwerezi wa kutakasia ulipopanda, akampokea mtoto. Jambo la vitani husemwa lilivyokuwa, bila chumvi. Akalisema kwa Kikrow, kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Tulikuwa msafarani. Lori la mbele yangu likalipuka. Alikuwemo Hodge, asubuhi tulikunywa kahawa pamoja. Amri ilikuwa tusisimame. Nikalizunguka, nikaendelea. Kambini maji yalikuwa yamekwisha. Nikawafikishia. Huyu ataitwa Anafika na Maji."

Akamwinua mtoto juu. Wazee wakaitikia. Delbert aliinamisha kichwa.

Mama yake Velda akamsogelea, akamshika kiwiko.

"Huyo Hodge alikuwa na watoto?"

"Wawili."

Mama akalia. Velda alimtazama akilia, akatamani kulia naye, lakini ndani yake palikuwa kimya. Alichohisi ni uzito wa mtoto mkononi, na unyevu, kwani nepi ilikuwa imelowa. Akaingia ndani kuibadilisha.

Tangu hapo kila Jumapili alikwenda kwa Thurman kumwombea yule mtoto, maana shangazi aliyetoa jina hana budi. Alisema maneno yote ya sala bila kuruka hata moja. Kisha alimbeba kidogo, akampa mamaye, akarudi kulisha farasi.