Nilimufukuza muke wangu kwa sababu ya damu ya chooni

Bwana mwenye kuchunga ukurasa huu, ninaomba jina langu lisitokee. Niko mwanaume wa miaka makumi tatu na ine, fundi wa kushona hapa Kasongo. Toka asubui mpaka jua kushuka ninakaa kwa mashini, kwenye barza ya duka. Muke wangu ni mutu wa Wamaza, upande wa Kabambare. Tuko na miaka mitatu ya ndoa, na mimba moja ilitoka.

Mwaka uliopita, mvua zilipoanza, niliona damu chooni. Damu nyekundu kabisa, inatona, na sikusikia maumivu hata kidogo. Ndiyo iliyonitisha. Kidonda kinauma. Damu inayotoka bila kuuma, nilijiambia, imetumwa na mutu.

Nani? Anayenipikia ni mumoja tu. Siku zile alikuwa ametoka kumwona mama yake, akarudi na unga mweusi ndani ya jani la ndizi. Nilipouliza, alisema, "Ni chumvi ya majani, mama alichoma mwenyewe." Niliitika, lakini sikuamini. Nikapatia kuku sombe yake, majani ya muhogo aliyonipikia. Kuku hakufa. Nikawaza, sumu ya mutu haiui kuku.

Nikaacha kula kwake. Nilikula muhogo wa kuchoma na karanga, mukavu hivyo hivyo. Hata maji ya mutungi niliyaogopa, kikombe kimoja kwa siku. Choo kikawa kigumu kama jiwe, ninakaa huko nikijikaza, na damu ikazidi. Kila ilipozidi, nilimutazama yeye. Yeye aliuliza tu, "Baba, nimekosa nini?" Niligeuka, nikarudi kwa mashini.

Yaya wangu, mukubwa wangu tuliyezaliwa naye tumbo moja, ndiye niliyemwambia. Alisema, "Chungu chenye sumu hakioshwi, kinatupwa." Kesho yake nilimufukuza muke wangu mbele ya majirani, nikamwita mulozi. Alifunga vitu vyake, akashika njia ya Wamaza kwa miguu.

Juma mbili hazikupita, nikaanguka kwenye mashini, kizunguzungu. Wakanipeleka dispanseri. Enfirmie, muuguzi mutu muzima mwenye sauti ya pole, aliniuliza ninakula na kunywa nini, akanipima kule nilikoona haya, kisha akanawa mikono.

"Ni bawasiri," akasema. "Mishipa imevimba ndani ya njia ya choo. Iko ndani, ndiyo maana hausikii maumivu. Unakaa sana, haunywi maji, unajikaza. Nani alikukataza sombe?"

Nilivaa suruali yangu.

Aliniagiza ninywe maji mengi, nile sombe, maharagi na papai, nikae ndani ya beseni ya maji ya vuguvugu, nisijikaze wala nisikawie chooni, na nisimame kila nikimaliza nguo moja. Kama damu haikatiki, nirudi. Kisha mwezi mumoja kupita, damu ilikatika.

Yaya anacheka. "Ilikatika kwa sababu muke alienda," anasema. Na mimi, niliyesikia enfirmie kwa masikio yangu, bado kuna siku neno hilo linaniingia. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa mujomba wa muke wangu amefika na ujumbe. Muke wangu iko na mimba ya miezi mitano, ni yangu, aliondoka nayo bila kunijulisha. Neno alilotuma muke wangu ni hili: "Aje mwenyewe, aseme mbele ya wazee nilimuwekea nini ndani ya sahani."

Kumusafisha jina, lazima nitaje ugonjwa wa matako mbele ya wakwe zangu wote. Nikinyamaza, mutoto atazaliwa mutoto wa mulozi, na neno hilo nililitoa mimi. Na nikimurudisha, je, nitaweza kula kwa mikono yake bila kumuchungulia? Ninyi munaosoma, wake kwa waume, munipe shauri: nifanye namna gani? Mujomba angali kwangu, anangoja jibu.