Upanga Uliotiwa Hina

Kila ninaposikia harufu ya hina iliyokandwa kwa ndimu, simuwazi bibi harusi hata mmoja. Namuwaza Mjomba Nassor na upanga wake wa Kijapani, nami nazeeka bado naona haya.

Tulikuwa Matrah, mwaka sitini na sita, miaka miwili tangu tutoke Unguja. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na ua, na joto lake lilitosha kukaushia papa. Mjomba Nassor, kaka yake mama, alikuwa baharia wa meli ya mizigo, na huko Japani alinunua upanga mrefu uliopinda kidogo. Mpini wake ulizongwa uzi mweupe wa hariri, ukapishanishwa hata ukaacha vijidirisha, na ndani ya vijidirisha ilionekana ngozi ya samaki taa, yenye kukwaruza kama ulimi wa paka. Aliutundika juu ya kitanda chake. Katika mali yetu yote, hicho ndicho kitu pekee kisichokuwa na kazi.

Kazi ikaja mjomba alipoposa binti wa Mzee Khalfan, mwenyeji wa hapo hapo Matrah, ambaye Kiswahili chake kilianzia "karibu" na kuishia hapo. Posa ilikubaliwa, lakini tuliwasikia ndugu zake wakinong'ona kwamba sisi tuliokuja kutoka Unguja hata Kiarabu chetu kinanuka nazi. Na mila yao ni kwamba bwana harusi huingia kwa wakwe na upanga mkononi, akacheza razha, ngoma yao ya panga, na wanaume wa upande wa mke, akiurusha juu na kuudaka, ndipo ndoa ifungwe. Kwenda mikono mitupu ilikuwa sawa na kwenda bila kanzu. Mama akashauri tuazime kwa jirani.

"Nyumba tumeazima, masufuria tumeazima," akasema Bibi, mama yao. "Mwanangu simuazimii upanga. Upanga anao."

"Mama, ule wa Kijapani? Mpini mweupe pe kama sanda?" mama akashangaa.

"Si tuutie rangi?"

Mipini ya wenyeji ilikuwa ya ngozi, nyeusi au ya kahawia. Rangi tuliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa moja tu. Bibi, nawaambieni, kule Unguja alikuwa mpambaji wa maharusi, na mikono aliyoipaka hina haihesabiki. Akaulaza upanga mapajani, akaushika mpini kama anavyoushika mkono wa mwari, akaanza kupaka. Mimi nilipewa ujiti niishindilie hina ndani ya kila kijidirisha, nikashindilia kwa moyo wangu wote, maana nilikuwa sijawahi kuaminiwa kazi kubwa vile. Tukaufunga kwa vitambaa, ukalala.

Asubuhi mama akaja na kopo la maji. Bibi akalisukuma kando.

"Umeona wapi hina ikaoshwa? Hina inabanduliwa, inapakwa mafuta."

Basi tukaubandua kwa juu juu, tukausugua mafuta ya nazi hata ukang'ara kama haluwa. Bibi akanivuta sikio, si kwa ubaya. "Na wewe ukiulizwa, upanga huu ni wa babu yako. Siri ya mtungi muulize kata." Nikajiona mimi ndiye kata, nikavimba kichwa.

Alasiri tukaenda kwa Mzee Khalfan, mjomba akiwa ameukamata mpini njia nzima. Wanaume wakapanga mistari miwili uani, wakaanza kuimba. Mjomba akaurusha upanga mara ya kwanza, akaudaka. Mara ya pili, akaudaka. Jua lilikuwa kali, jasho likamchuruzika hadi vidoleni, naye akajifuta mkono pajani. Kwenye kanzu yake nyeupe vikatokea vidole vitano vya rangi ya chungwa.

Akakunja ngumi haraka, lakini walikwisha kuona. Kijana mmoja wa upande wa mke akasema kwa sauti kwamba leo bwana harusi kamtangulia bibi harusi kutia hina. Mstari wote ukacheka. Mjomba akainamisha macho. Nilijua ile hina ilitoka kwenye vijidirisha gani, na nani aliyeishindilia. Harusi inavunjika, nikajiambia, na aliyeivunja ni mimi.

Hapo Mzee Khalfan akatoka mstarini. Akamtazama mjomba, akautazama mpini, akauchukua upanga, akauinua mpaka puani akaunusa. Kisha akageuka, akanipa mimi niliyekuwa karibu upanga wake mwenyewe, wenye mpini uliofungwa fedha, nimshikie. Akasema neno moja, "Zain," yaani mzuri, akaingia kucheza na ule wetu. Magoti yake yalikuwa mabovu, kila mtu akijua, lakini alicheza mpaka adhana ya magharibi. Vijana walipotaka na wao waujaribu, aliwakatalia.

Baada ya sala, chini ya mwanga wa karabai, sheikh aliyefungisha ndoa akawaambia mkwe na bwana harusi wapeane mikono. Nasi watoto tulikuwa dirishani. Mikono miwili ikanyooshwa, na viganja vyote viwili vilikuwa vyekundu kama vya mwari. Sheikh akavitazama.

"Leo nawaozesha mabibi harusi wawili?" akauliza kwa Kiarabu.

"Mikono ni yetu," akajibu Mzee Khalfan. "Wewe fungisha."

Sheikh akafungisha, na hakuna kijana aliyethubutu kucheka. Binti wa Mzee Khalfan akawa mkaza mjomba wangu, mtu nimpendaye mpaka leo. Bibi alikwenda kaburini akijisifu kwamba alimtia Mwarabu mzima kiini macho kwa hina ya shilingi moja, nasi sote tukiamini hivyo.

Mwaka nilioozesha binti yangu nilikaa naye nikimtia hina mikononi tangu adhuhuri, akilalamika kwamba haijashika. Nikamwambia alichokuwa akisema Bibi kila siku, kwamba hina haishiki kwa kugusa na kuachia, lazima ukae nayo. Ujiti ukaniponyoka. Nilimkumbuka yule mzee mwenye upanga wa fedha na magoti mabovu, aliyeukamata mpini wetu mpaka jua likazama, asikubali kuupokeza kwa mtu. Na alikuwa ameunusa kwanza.