Futi ya Mpwa Wangu na Magoti ya Dada

Nitakayoyaandika hapa hamtayaamini, na mkiyaamini mtakuwa mmeniheshimu kupita kiasi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, analipwa mshahara kutafuta mafuriko mahali ambapo hata ndoo ya kuoga tunaipangia foleni. Anapita nyumba kwa nyumba kando ya korongo kavu, anapima kwa futi ya utepe kutoka ardhini hadi kizingiti cha mlango, kisha anachora alama ukutani: kijani maana yake kaa, nyekundu maana yake hama kabla ya mvua za msimu. Watu wamembandika jina Bi Futi.

Wivu? Uliniwasha kama upupu, sikatai. Kabla yake, mtaalamu wa korongo lile nilikuwa mimi. Shule niliiacha darasa la tano, walimu wakashukuru, lakini hakuna aliyechimba msingi bila kuniuliza. Sasa yeye akifika anafutiwa kiti, analetewa soda. Mimi nikikohoa tu naambiwa, "Mzee, ngoja kwanza mtaalamu apime."

Siku moja akafika kwa mama yake mwenyewe, kwenye kiwanja nilichokichagua mimi. Nikamfuata, mikono mgongoni, kama mkaguzi wa wakaguzi.

"Mama, yale mafuriko ya utotoni mwenu, hapa maji yalikufika wapi?"

"Magotini," dada akajibu papo hapo. "Baridi yake naikumbuka mpaka leo."

Bi Futi akapima goti la mama yake, akapima kizingiti. Nyumba ina ngazi tatu. Kizingiti kikalizidi goti. Akatoa chaki ya kijani.

"Si nilisema!" nikamtania. "Karudishe mshahara wa watu, mwanangu."

Dada akacheka, akanipigia makofi. Jamani, makofi! Mwaka mzima sijayasikia.

Ila roho ikaanza kunisuta. Siku ile ya mafuriko dada alikuwa na miaka minne, na hakuwa amesimama popote. Alikuwa amekaa mabegani mwangu, mimi nikiwa kijana mrefu hivi hivi mnionavyo, amening'ang'ania nywele. Nilipomchagulia kiwanja nilijua, nikapuuza, maana miaka mingi ilikuwa imepita bila korongo kujaa. Nikinyamaza, nabaki bingwa, na dada analala njiani mwa maji.

"Lete hiyo futi," nikasema. "Nipime mimi. Hapa, begani."

"Begani kwa nini, Mjomba?"

"Ndipo mama yako alipokuwa amekaa."

Dada akaacha kucheka. Bi Futi akapima, akaandika, akachukua chaki nyekundu. Hakunicheka, afadhali angenicheka. Na jioni majirani walimsifu nani kwa ugunduzi ule? Yeye! Bega langu hakulitaja mtu.

Wiki hiyo hiyo dada akahamia kwa binti yake, huko juu mlimani. Na mvua ilipokuja, niwaambie: korongo likanguruma, maji yakafunika paa la nyumba, mimi nikajitosa, kabati la dada mkono huu, godoro mkono huu, kamba ya mbuzi nimeing'ata kwa meno, na nilipofika katikati nikaona mawimbi marefu kama —

"Mjomba," anasema Bi Futi, kumbe anasoma nyuma yangu bila hodi, "maji yaliishia dirishani. Na wewe ulikuwa kwangu sebuleni, umejifunika blanketi langu."