Alhamisi ya Treni ya Mbao

Mbao iliyochomwa na jua ina harufu yake, na ikichanganyika na grisi harufu hiyo hukaa puani siku nzima. Ndiyo harufu ya likizo yangu ya kiangazi nikiwa na miaka kumi na minne, Houston, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili: mbao, grisi, jasho la watu kwenye foleni, na yale maandazi yao bapa wanayoyamwagia sukari ya unga mpaka ukicheka unapaliwa. Kando ya barabara kuu kulikuwa na bustani ya michezo, na ndani yake rola kosta ya mbao, nzee, rangi yake nyeupe imebabuka. Sisi nyumbani tuliiita treni ya mbao. Ikianza kupanda, mnyororo ulio chini yake ulikuwa ukigonga ka-ka-ka-ka, na mlima mzima wa mbao ukitikisika kama kitanda cha kamba kilicholegea. Ukifika kileleni unaona magari ya Houston yakimeremeta chini, halafu unaachiwa. Meno yanagongana, mbavu zinajibamiza kwenye ubavu wa behewa, na nguzo zinapita karibu na kichwa hadi unainama bila kuambiwa. Nilikuwa nikishuka na michubuko mapajani, kisha narudi kwenye foleni papo hapo.

Nilikuwa naishi kwa mama mdogo Stella, mdogo wake marehemu mama yangu, pamoja na mumewe, baba mdogo Fanuel. Mama alifariki nikiwa sijaanza shule. Nilipofika miaka kumi na miwili, mama mdogo alimwomba baba nije kusoma Marekani, na baba akakubali huku akitazama pembeni. Sikuteswa, nisimsingizie mtu. Nilikula alichokula Kevin, mtoto wao wa miaka tisa, na nililala kitanda kizuri kuliko nilichokiacha Morogoro. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Vyombo niliosha mimi, na tiketi yangu ya msimu ya bustani ile ilinunuliwa ili Kevin awe na mtu wa kumshika mkono wakati wazazi wake wako kazini, mama mdogo kwenye nyumba ya kutunzia wazee, baba mdogo ghalani. Asubuhi wanatuacha getini, jioni wanatufuata. Kuhusu kupanda wenyewe, wala usiwaambie. Mama mdogo alisema ni kumjaribu Mungu, na baba mdogo, mwanamume mwenye mabega kama mlango, aliogopa hata ngazi ya kubadilishia taa.

Aliyeielewa treni ile alikuwa baba yangu, naye hakuwahi kuiona. Baba alikuwa fundi seremala. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikwangua kadi ya simu na kubonyeza tarakimu ndefu, na baada ya mikwaruzo sauti yake inatokea, na nyuma yake randa ya mwanafunzi wake ikikwaruza. Hakuuliza habari za shule kwanza. Aliuliza habari za mbao.

"Umesema ni mbao gani ile, mama?" Baba aliniita mama siku zote.

"Paini, baba. Nilimuuliza mtu wa pale."

"Paini! Paini ni ya masanduku ya nyanya. Na watu wanapanda?"

"Wanapanda, tena wanapiga kelele."

"Lazima wapige. Hata mimi ningepiga." Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikachukua muda kuisha. Alisema ni vumbi la mbao tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtoto wa miaka kumi na minne aliye upande wa pili wa dunia anaambiwa vumbi na anaamini vumbi. Jumapili ya mwisho nilimwambia kwamba kule Arlington, karibu na Dallas, kuna treni ya mbao kubwa kuliko yetu, na kwamba nimemsumbua mama mdogo anipeleke, amekataa. Baba akanipa kazi. Alisema nikifanikiwa kwenda, nisipige kelele tu kama wengine, nitazame viungo. Alitaka kujua kama vimeshikwa kwa misumari au kwa bolti, kwa sababu msumari ungelegea kwa mtikisiko ule na bolti ingeweza kukazwa kila asubuhi. Alikuwa ameliwaza jambo hilo juma zima, nilisikia katika sauti yake. Niliahidi.

Jumatano iliyofuata mama mdogo hakwenda kazini. Macho yake yalikuwa yamevimba, akasema ni mzio. Aliniita jikoni akaniambia, "Eliza, pack nguo zako na za Kevin. Tuna-drive kwenda Carrollton, kwa mama Doreen. Kesho mtakwenda kwenye ile treni yako."

Niliruka. Nilimkumbatia kiuno na kumshukuru, naye akasimama tu, mikono imeshika kitambaa cha vyombo. Baba mdogo aliendesha saa nne nzima bila kuwasha redio. Tuliposimama kujaza mafuta alininunulia chipsi na soda bila kuombwa, mwanamke ambaye kwa kawaida alitubebea maji ya bomba kwenye chupa kuukuu. Nilimtazama Kevin, Kevin akatazama dirishani. Nilidhani mama mdogo amebadilika. Nilimwomba Mungu asimrudishe alivyokuwa.

Asubuhi ya Alhamisi kwa mama Doreen, rafiki wa mama mdogo tangu shule, tulikunywa chai na chapati za moto. Ilipokaribia saa mbili baba mdogo alichukua simu, akatoka kwenda gereji na kufunga mlango nyuma yake. Mama mdogo na mama Doreen wakaacha kutafuna. Mimi nikamalizia chapati ya Kevin. Baadaye baba mdogo alirudi, akaosha uso kwenye sinki la jikoni, mahali ambapo mama Doreen hakumruhusu mtu kuoshea hata mikono, akasema, "Haya, twendeni tukapande treni."

Na alipanda. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Tulipofika mbele ya foleni, Kevin alikataa akabaki na mama yake, na baba mdogo akaingia kwenye behewa akakaa pembeni yangu, chuma kimembana tumbo. Ile ya Arlington ilikuwa kubwa kweli, msitu wa mbao zilizokatana juu, chini na pembeni. Wakati mnyororo unatuvuta nilitoa kichwa kama nilivyotumwa, nikatazama viungo kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa na nati zimetokeza, nene kama vidole gumba. Nikapiga kelele, "Bolti! Baba mdogo, ni bolti! Nitamwambia baba Jumapili!"

"Utamwambia, mwanangu," akasema.

Kisha tukaachiwa. Nilicheka njia nzima, mdomo wazi, na tulipofika chini nikaona uso wa baba mdogo umelowa machozi hadi shingoni. Nilimtania. Nilimwambia mwanamume mzima analia kwenye mchezo wa watoto. Akasema ni upepo. Tulipanda mara nyingine sita, na kila nilipomwambia twende tena hakukataa, na kila mara tuliposhuka alikuwa amelowa, nami nikamcheka kila mara mbele ya watu.

Ijumaa mchana niliona viatu mlangoni kwa mama Doreen, viatu vingi, vya kanisani. Nikadhani kuna sherehe. Sebuleni wanawake walikuwa wamekaa chini, kanga zimefungwa kiunoni, na wanaume wamesimama ukutani, na jikoni kulikuwa na sufuria za wali ambazo si za familia moja. Mchungaji wa Watanzania wa pale alinishika mkono akanikalisha kati ya wanawake wawili wanene nisiowajua, na mikono yao ikanipita mgongoni kabla hajasema neno. Nilijua. Mtoto yeyote wa kwetu angejua. Mchungaji akasema baba yangu hatunaye, alilala Jumanne hospitalini, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Wanawake wakaanza kulia kwa niaba yangu.

"Mnazika lini?" niliuliza. Hilo ndilo lililonitoka.

Baba mdogo akatazama zulia. Mwisho mama mdogo akasema, "Alizikwa jana, mwanangu. Saa kumi jioni ya nyumbani."

Nilikuwa hodari wa hesabu ya saa, kwa sababu ya zile kadi za simu. Saa kumi jioni Morogoro ni saa mbili asubuhi Texas. Nilikuwa nakula chapati ya Kevin. Nilikwenda chooni nikatapika, na watu wakasema ni huzuni. Ilikuwa hasira.

Nimeelezwa sababu mara nyingi, na naweza kuzieleza vizuri kuliko walionieleza. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijakamilika. Wakili alisema nikitoka sitaruhusiwa kurudi. Na kwetu habari ya kifo haitupiwi mtu kama jiwe. Mfiwa hutafutiwa watu kwanza, huzungushwa, hulishwa, hupewa vijisababu, mpaka nyumba ijae mikono ya kumdaka. Nyumba ya kujaa ilikuwa Carrollton, si Houston, na watu wangepata nafasi Ijumaa. Yote hayo nayaelewa. Nisichokielewa ni kwa nini hapakuwa na mtu hata mmoja, kati ya watu wazima wote wale, aliyesema basi angalau aambiwe kabla ya mazishi, asimame hata uani, aelekee Mashariki, amwage hata konzi la udongo wa Texas. Walinipa starehe siku ambayo nilistahili msiba wangu. Na walimfundisha Kevin kunyamaza, mtoto wa miaka tisa. Miaka mingi baadaye aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba alijua tangu Jumanne, na ndiyo maana hakutaka kupanda.

Baada ya wiki kadhaa video ya mazishi ilifika, imefungwa kwenye gazeti. Mshereheshaji akasoma wasifu wa marehemu: ameacha mtoto mmoja, aliyeko masomoni Marekani. Kisha akaita mtoto wa marehemu aweke shada. Kamera ikangoja. Akatokea binti wa jirani yetu, Mwajuma, amevaa gauni la shule, akaweka shada kwa niaba yangu, akarudi haraka kwa aibu. Nilirudisha mkanda nikatazama mara nyingi, nikimchukia Mwajuma, ambaye hakuwa na kosa lolote. Jeneza lilikuwa la mninga. Wanafunzi wake walilitengeneza vizuri.

Sikupanda tena. Treni ya Houston ilivunjwa na bustani yenyewe ikafungwa, pamebaki uwanja mtupu. Ile ya Arlington imewekewa reli za chuma juu ya mbao, inateleza bila kutikisika, watoto wangu wanasema ni tamu. Mimi sasa naishi Mansfield, jirani kabisa na pale, nina uraia, nina pasipoti ninayoweza kuondoka nayo saa yoyote. Ukubwa jalala, wanasema, na mwaka juzi takataka zikafika kwangu. Mjomba alipiga simu kutoka Morogoro: bibi amefariki, mama yake mama mdogo. Mama mdogo anaishi DeSoto siku hizi, mjane. Mjomba akaniagiza, "Usimwambie Stella kitu. Mzungushe kwanza. Mpeleke shopping, mnunulie chakula, watu wakishafika kwake ndiyo umlete."

Nilimchukua kweli. Nilifika naye hadi maegesho ya duka, nikazima gari, nikamwambia bibi amekufa leo alfajiri. Hivyo tu. Alifungua mlango akatoka na kukaa chini kwenye lami, katika jua la Julai, na mimi peke yangu sikuweza kumnyanyua. Wapita njia walituzunguka na matoroli yao. Mpaka leo anawaambia watu kanisani kwamba Eliza alimuua kwenye parking, kwamba hata mnyama hapewi habari namna ile. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na ana haki: nilipomtazama pale chini nilijua kwamba kumwambia mapema hakukuwa kwa ajili yake tu. Sehemu yangu ilitaka aumie bila mtu wa kumdaka.

Lakini aliponyamaza alishika pindo la sketi yangu akauliza, "Wanazika lini?"

"Jumamosi."

"Nitawahi?"

"Utawahi, mama mdogo. Kuna ndege jioni hii."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kujifuta uso kwa kanga. Nami nilikuwa nimesimama juu yake na funguo za gari mkononi, mwanamke mzima mwenye watoto, nikimwonea wivu mama mdogo wangu aliyekaa kwenye lami, amefiwa, na atawahi.