Nimenyoa Kichwa, Lakini Masanja Hajafa

Marafiki wa Masanja, mmepotea kana kwamba saratani inaambukiza kwa kupeana mkono.
Mimi sikusoma, dada yake ndiye ananiandikia.

Mjukuu wangu ana saratani ya mfupa, ile ambayo hata daktari alisema huiona kwa nadra. Nywele zimepukutika kwa dawa. Ana miaka ishirini na minne, anaona aibu kutoka nje.
Basi leo asubuhi na mimi nikanyoa kipara. Mjukuu ndiye mume wangu wa utani, acha tufanane.

Nikasahau kwamba kwetu bibi akinyoa, watu wanajua kuna msiba.

Jirani kanikuta nafagia uwanja. Akaniangalia kichwa, akaketi chini, akaanza kulia, "Masanja wetu jamani."
Masanja akatoka ndani na sahani ya michembe, viazi vitamu vya kukausha.
"Shikamoo mama. Kwani nimekufa saa ngapi?"

Tumecheka mpaka mbavu zikauma.
Jirani alipoondoka, Masanja akasema taratibu, "Bibi, huyu angalau amekuja kunililia. Wenzangu wako wapi?"

Jibu nalitafuta kwenu. Mnalo ninyi?

Jumapili njooni. Msinipe pole mimi. Piteni moja kwa moja hadi alipo, mbishane naye mpira kama zamani.